Daktari, punyeto ilianza lini kuwa ugonjwa?

Swali: "Shikamoo daktari. Mi ni kijana wa miaka 23, nimelelewa kwenye familia ya dini sana. Nilianza punyeto nikiwa na miaka 14 na tangu hapo sijawahi kuwa na amani. Nimeambiwa inaleta upofu, inamaliza mbegu, inaharibu akili na ukija kuoa huwezi kitu. Siku hizi nasahau sana na macho yanauma nahisi ndo yameanza. Kuna jamaa ananiuzia unga wa kurudisha mbegu nimeshakunywa pakti mbili. Alafu juzi nikasoma mahali madaktari wanasema ni jambo la kawaida tu. Naomba unieleze, hii kitu ilikuwa dhambi na ugonjwa tangu zamani au watu walibadilika baadae? Na kama madaktari wamebadilika mbona dini hazibadiliki?"

Jibu:

Marhaba mdogo wangu. Umeuliza swali moja lakini ndani yake yamo mawili na ndo maana limekusumbua miaka 9 yote hiyo. Kuna swali la dhambi na kuna swali la ugonjwa, watu wanayatia kapu moja na wewe ukakabidhiwa kapu hivo hivo. Kihistoria hayakuzaliwa siku moja. La dhambi ni la zamani sana, lakini hii habari ya kwamba ukijichua utapofuka sijui utakuwa kichaa ina kama miaka 300 tu, na tunakijua hadi kijitabu kilichoisambaza. Mi ni daktari wa afya ya akili, vijana wenye swali kama lako nakaa nao kila wiki, kwaiyo naomba nikueleze taratibu, nitaenda mbali kidogo alafu nitarudi kwako na kwenye huo unga.

Tuanze kule mbali kabisa. Misri ya kale walikuwa na simulizi ya uumbaji ambayo mungu Atum, akiwa peke yake hakuna kitu kingine duniani, alitumia mkono wake na humo wakatoka Shu na Tefnut, yaani hewa na unyevu. Imeandikwa ndani ya piramidi, kwenye maandiko matakatifu ya wafalme, na hamna dalili kwamba waliona aibu. Wagiriki walikuwa wanaona ni jambo la mtu asiye na mwenza au la watumwa, kitu cha kudharaulika ila sio cha kutisha. Yupo mwanafalsafa Diogenes, anasimuliwa kwamba alifanya hadharani sokoni na walipomsema akajibu laiti na njaa ingekuwa inaisha kwa kusugua tumbo. Na Galen, tabibu ambaye vitabu vyake vilitawala tiba zaidi ya miaka 1000, yeye alikuwa na wasiwasi zaidi na mbegu zinazobaki ndani muda mrefu kuliko zinazotoka! Aliona kuzizuia ndo kunaleta maradhi. Nakwambia hivi ili uone kwamba hofu uliyonayo sio kitu ambacho binadamu wote walikuwa nacho tangu Adamu.

Sasa dini. Watu wengi wakitaja punyeto kwenye Biblia wanakimbilia Onani, Mwanzo 38. Soma mwenyewe taratibu. Eri alikufa bila mtoto, baba yao Yuda akamwambia Onani amwingilie Tamari mke wa kaka yake ili ampatie marehemu uzao, Onani akajua mtoto hatakuwa wake, kwaiyo akawa anamwaga chini. Huyu alikuwa analala na mwanamke, hakuwa peke yake chumbani, na kosa lake ni kumnyima kaka yake uzao huku anaendelea kumtumia mjane. Wasomaji wengi wa Biblia leo ndivyo wanavyoisoma. Kumbe jina lake ndo likaja kubandikwa kwenye kitendo kingine. Mambo ya Walawi 15 yenyewe inaongelea mwanaume aliyetokwa na shahawa, inasema aoge na atakuwa najisi hata jioni, basi. Jioni imefika yameisha.

Baadae ndo kukaza kukaja. Wayahudi kwenye Talmud, kitabu cha mafundisho ya walimu wao wa dini, ile sehemu ya Nida, waliandika maneno makali mno dhidi ya kutoa mbegu bure. Kanisa nalo, mapadri wa karne za kati za mwanzo walikuwa na vitabu vya malipizi, kila dhambi na adhabu yake, na punyeto humo mara nyingi ilipewa adhabu nyepesi ukilinganisha na uzinzi. Alafu karne ya 13 Thomas Aquinas, mwanateolojia mkubwa wa Kanisa, akaiweka kwenye kundi la dhambi zinazopingana na maumbile, na kwa mpangilio wake kundi hilo ni zito kuliko hata uzinzi na ubakaji kwa sababu haliwezi kuzaa mtoto. Mi siwezi kuukubali mpangilio huo hata kidogo, mwanamke aliyebakwa hawezi kuwekwa chini ya mbegu iliyomwagika, ila lazima uelewe alikuwa anafikiria kitu gani. Alikuwa anafikiria lengo la tendo, maadili na roho, hakusema utapofuka.

Kwa Waislamu hoja kubwa inatoka Suratul Muuminun aya ya 5 hadi ya 7, wanaohifadhi tupu zao isipokuwa kwa wake zao na waliowamiliki, na anayetaka zaidi ya hapo huyo karuka mipaka. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii na Maliki wakaishika hiyo, ni haramu. Lakini usidhani wanazuoni walikuwa na sauti moja. Imam Ahmad bin Hanbal inanukuliwa kauli yake kwamba manii ni kitu kinachotoka mwilini kama damu ya kuumikwa, kwaiyo mwenye haja kubwa anayeogopa zinaa anaweza kuruhusiwa. Wa madhehebu ya Hanafi wapo waliosema kwa matamanio tu ni haramu ila aliyezidiwa na anaogopa zinaa inatarajiwa hataadhibiwa. Ibn Hazm, mwanazuoni wa Andalusia (Hispania ya Waislamu), aliyefariki 1064, yeye aliona ni jambo lisilopendeza lakini sio haramu. Na ile hadithi unayosikia kila mahali kwamba aliyeoa mkono wake amelaaniwa, wataalamu wa hadithi wenyewe wameihesabu dhaifu. Iliyo sahihi, ya Bukhari na Muslim, inawaambia vijana mwenye uwezo aoe na asiyeweza afunge. Ni nasaha ile, inamtafutia kijana njia.

Umeona kitu hapo? Karne zote hizo mjadala ulikuwa wa usafi, ndoa, uzao, nia na toba. Ugonjwa wa macho haumo.

Haya sasa twende London miaka ya 1710. Kikatoka kijitabu kisicho na jina la mwandishi kinaitwa Onania. Mwanahistoria Thomas Laqueur anakiweka mwaka 1712 hivi, na anaamini aliyekiandika ni John Marten, mtu wa upasuaji aliyekuwa ameshaandika vitabu vya magonjwa ya zinaa. Kijitabu kinaanza kama mahubiri, dhambi mbaya ya kujichafua, alafu polepole kinageuka kuwa orodha ya maradhi, kukonda, kifafa, vidonda, utasa, kupoteza nguvu. Na ukishamaliza kusoma umeshaloa jasho unakuta mwishoni unaelekezwa dawa. Kuna tincture, yaani dawa ya maji, ya kuimarisha na kuna unga wa kurudisha uzazi. Nimekwambia unga, si umesikia? Matoleo yaliyofuata yakawa yanachapisha barua za wasomaji, kijana anaandika bwana nilianza shuleni sasa nimeisha naomba unisaidie, na kila barua inamtisha msomaji mwingine naye anaandika yake, kitabu kinanenepa, kikachapwa tena na tena na kutafsiriwa. Barua hizo ukizisoma leo unaweza kudhani zimeandikwa wiki iliyopita, kwa kweli hata swali lako lingeweza kukaa humo ndani.

Hicho kilikuwa cha mfanyabiashara. Kilichokipa nguvu ni daktari wa kweli mwenye heshima zake, Tissot wa Lausanne huko Uswisi, ambaye mwaka 1760 alitoa kitabu chake kwa Kifaransa. Anasimulia kijana mmoja fundi saa, alikuwa mzima hadi miaka 17 akaanza kujichua kila siku. Tissot anasema alipoitwa kumwona alikuta kitu kinachofanana zaidi na maiti kuliko mtu, kimelala kwenye majani makavu, kimekonda, kinanuka, damu nyepesi inamtoka puani, hawezi hata kusoma sentensi akaikumbuka. Kijana akafa 1757. Ukisoma leo ukiwa daktari moyo unauma, kwa sababu huyo ni mgonjwa mahututi wa ugonjwa mwingine ambao hakuna aliyeutafuta. Walishapata jibu, wakaacha kuuliza. Tissot pia alirudia ile hesabu kwamba wakia 1 ya manii ikipotea ni sawa na kupoteza wakia 40 za damu, mawazo ya tangu Wagiriki kwamba mbegu ni damu iliyochujwa. India nako ipo imani ya tone 1 la mbegu kutoka matone 40 ya damu, na hadi leo madaktari kule wanapokea vijana wanaojiona wanaisha kwa sababu ya mbegu kutoka, hali hiyo wanaiita dhat. Mwili hauchuji damu kuwa mbegu hata kidogo. Korodani zinatengeneza mamilioni ya mbegu kila siku usiku na mchana, kila mbegu inachukua kama miezi 2 na zaidi kukomaa, na hamna ghala linaloisha.

Kwanini wazo likashika namna ile na wakati ule ambapo watu walijiona wameelimika? Laqueur anasema ni kwa sababu kitendo chenyewe kina mambo matatu yaliyowatia hofu watu wa zama hizo, kinafanywa kwa siri, kinategemea kuwaza, na hakina wa kukuambia sasa inatosha. Ndo muda watu walianza kuwa na vyumba vyao na vitabu vya hadithi wanavyosoma kimya peke yao. Mimi naongeza na sababu ya kwenye kazi yangu. Madaktari wa hospitali za wagonjwa wa akili waliwaona wagonjwa wakijichua waziwazi, wakasema aha, hiki ndo kimewapa wazimu. Walikigeuza juu chini. Mtu aliyefungiwa miaka, akili imeyumba, aibu imemtoka, anafanya mbele za watu kile ambacho wazima wanafanya mlango umefungwa. Hawakuwahi kwenda kuhesabu wazima.

Na hofu hiyo haikubaki kwenye vitabu. Uingereza daktari Isaac Baker Brown alikuwa anawakata wanawake kinembe akiamini anatibu kifafa na wazimu, hadi 1867 chama cha madaktari wenzake wa uzazi London kikamfukuza. Marekani daktari John Harvey Kellogg aliandika kwamba mvulana atahiriwe bila ganzi ili maumivu yawe kama adhabu, na wasichana wapakwe tindikali ya kaboliki kwenye kinembe. Watoto, mdogo wangu. Kwa kitu ambacho hakikuwa kinawaumiza. (Hapo hapo nisahihishe, kuna habari inazunguka sana kwamba cornflakes zilibuniwa makusudi kuzuia punyeto, hiyo imetiwa chumvi. Kellogg aliamini vyakula visivyo na viungo vinapunguza tamaa kwa ujumla na cornflakes zilizaliwa kwenye utaratibu wake wa chakula cha wagonjwa, basi.) Vifaa navyo vilikuwepo, pete zenye miba ndani mtoto anavishwa usiku akisimamisha tu zinamchoma.

Kuna daktari mmoja namheshimu sana kwenye historia hii, James Paget, bingwa wa upasuaji Uingereza. Mwaka 1875 alichapisha mhadhara akasema wazi kwamba punyeto haidhuru mwili zaidi ya tendo la ndoa linalofanywa kwa kiwango kilekile. Na papo hapo akasema anaichukia kama uchafu uliokatazwa na Mungu, na angetamani angeweza kusema inadhuru zaidi. Unaona uaminifu huo? Imani yake aliibakiza ilipo lakini hakuitumia kutunga ugonjwa. Hicho ndo kitu ninachotaka ukishike kwenye jibu langu lote hili.

Baada ya hapo jengo lilianza kubomoka. Vimelea vya magonjwa vikagunduliwa kimoja kimoja, kifua kikuu kikapata bakteria wake 1882, na kila chanzo halisi kilipopatikana punyeto ilipokonywa ugonjwa mmoja. Havelock Ellis, daktari Mwingereza aliyechunguza mambo ya ngono, mwishoni mwa karne ya 19 akaanza kuiandika kama sehemu ya maumbile, Freud, mwanzilishi wa tiba ya akili kwa mazungumzo, na wenzake Vienna walibishana mwaka 1912 bila kukubaliana. Alafu akaja Alfred Kinsey huko Marekani, huyu alifanya kile ambacho Tissot hakufanya, aliuliza watu wa kawaida maelfu. Ripoti ya wanaume ya 1948 ilikuta kama 92 kati ya 100 wameshawahi, ya wanawake 1953 ikakuta kama 62. Sasa piga hesabu mwenyewe, kama kitu kinachofanywa na 92 kati ya 100 kingekuwa kinapofusha, nani angemwongoza nani njia? Miaka ya 70 wanawake nao wakaanza kuandika kwa majina yao kuhusu miili yao, kabla ya hapo walikuwa wanasemewa tu na wanaume, ama hawana hamu kabisa ama wakatwe.

Lakini usidhani ilikuwa barabara iliyonyooka. Desemba 1994 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Joycelyn Elders, aliulizwa kwenye mkutano wa UKIMWI Umoja wa Mataifa kuhusu punyeto, akajibu ni sehemu ya maumbile ya binadamu na pengine ingefundishwa. Rais Clinton akamwachisha kazi mwezi huohuo. Na tangu 2011 imeibuka NoFap kwenye mtandao, vijana wanahesabu siku za kujizuia. Baadhi wana shida ya kweli na picha za ngono, naielewa kabisa. Ila ukisoma faida wanazoahidiana, akili kuchangamka, sauti kuwa nzito, macho kung'aa, unaona ni orodha ya Onania imegeuzwa upande wa pili, dini imeondolewa ikawekwa homoni.

Umeuliza mbona dini hazibadiliki. Zimebadilika, ila sio pale unapotazamia. Hukumu kwa sehemu kubwa ipo vilevile, kilichobadilika ni namna ya kumwangalia mtu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki kifungu cha 2352 bado inasema ni tendo lenye kasoro nzito, lakini inaendelea kusema kwamba uchanga wa hisia, nguvu ya mazoea na wasiwasi vinaweza kupunguza hatia ya mtu hadi kuwa ndogo kabisa. Hukuti maneno hayo kwa Aquinas. Waprotestanti wamegawanyika, wapo wanaokataza kabisa na wapo wanaosema Biblia haikutaja kwaiyo angalia moyo wako. Kwa Waislamu Yusuf al-Qaradawi, mwanazuoni aliyesomwa sana kwenye karne iliyopita, aliichukua kauli ya Imam Ahmad kwa kijana anayeogopa kuanguka kwenye zinaa na hawezi kuoa. Dini yako ni ipi hujaniambia na sitakuuliza, nenda kwa kiongozi wako mwenye elimu na upole umuulize la dhambi, hilo ni lake. Ila akikuambia utapofuka hapo ametoka kwenye elimu yake ameingia kwenye yangu, na mimi nakwambia hapana.

Sasa wewe. Kusahau na macho kuuma kwa mtu wa miaka 23 naanza kuuliza usingizi, simu usiku, miwani, na hofu. Hofu hasa. Mtu anayejichunguza kila asubuhi kama ameanza kuharibika, akili yake yote ipo kwenye ulinzi, atakumbuka saa ngapi alichosoma? Niliwahi kumpokea kijana aliyekuja na daftari, ameandika tarehe zote alizofanya kwa miaka minne na pembeni ya kila tarehe dalili alizopata kesho yake, kichwa, mgongo, kukosa hamu ya kula. Tukakaa nalo pamoja mezani. Nikamwomba aweke alama siku alizolala vibaya. Dalili zilifuata usingizi, na usingizi ulifuata majuto. Alilia pale pale.

Shida ya kweli ipo na sitakuficha. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeweka hali ya kushindwa kujizuia kingono. Masharti yake ni kwamba mtu ameshindwa kudhibiti kwa muda mrefu, kama miezi 6 au zaidi, na maisha yanaharibika, kazi, masomo, mahusiano, afya, na bado anaendelea. Na wameandika waziwazi kwamba kuumia kwa sababu tu unaona unachofanya ni kibaya kimaadili hakutoshi kuitwa ugonjwa. Kwaiyo jiulize, unakosa vipindi au kazi? Huwezi kulala bila hiyo? Unajiumiza ngozi? Unashindwa kusisimka na mwenza kwa sababu umezoea kubana sana au picha fulani? Kama ndio kwa lolote kati ya hayo njoo au nenda kwa mtaalamu wa karibu, inatibika. Na ukitaka kuacha kwa sababu ya imani yako tu, hiyo ni haki yako na nitakusaidia kama mtu anayetaka kushika funga, sio kama mgonjwa.

Mwisho huo unga. Acha leo, usimalizie pakti ya tatu. Sijui jamaa ameweka nini humo, ila mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekamata mara nyingi unga na vidonge vya "asili" vya nguvu za kiume vikiwa vimechanganywa kimya kimya na sildenafil, dawa halisi ya hospitali ya kusimamisha uume, na ikikutana na dawa za moyo za kundi la nitreti inaweza kushusha presha hadi ikaua. Na kama macho yalianza kuuma au kuona rangi ya bluu baada ya kuanza kuunywa, sildenafil inafanya hivo hivo. Niandikie tena uniambie kipi kilitangulia, macho au unga, na pakti iliyobaki usiitupe, mpelekee daktari utakayemwona aitazame.